Maji ya Mgeni

Nyakihuru, Bunda
3 Machi 1985

Wifi Pelagia,

Kabla hujauliza: mama yako mzima, kaka yako mzima, na yule mbuzi wako mweupe naye mzima na bado mwizi. Asiye mzima ni Burito, ndiyo maana nakuandikia badala ya kukusubiri Pasaka.

Mtoto ana miezi minne. Unajua maziwa yangu yalikata mapema, kwa hiyo anakunywa ya ng'ombe ninayoyazimua kwa maji ya kisimani. Wifi, midomo yake imekuwa ya buluu, kama ya mtu aliyekula zambarau. Kucha nazo hivyo hivyo. Halii kwa nguvu, anapumua haraka haraka kisha ananyamaza, nami nakaa nikimsikiliza mpaka avute pumzi tena. Wazee wanasema ni baridi, nimfunike. Nimemfunika mpaka ametoka vipele vya joto, na midomo ni ile ile.

Sasa nikuambie ninachofikiri, na usinicheke. Tangu watu wa kiwanja cha majaribio ya silaha warudi pale mlimani mwezi wa kumi na moja, kisima chetu kimebadilika. Mara ile ya kwanza, baada ya vita, walifyatua mizinga wiki chache wakaondoka. Safari hii wamekuja na malori ya mabomu ya zamani. Wanayajaribu, na yale yasiyolipuka wanayachimbia shimo na kuyachoma humo. Bendera nyekundu ikipanda asubuhi, tunajua hakuna kuchunga upande ule. Moshi wake ni wa manjano na unakwaruza koo hadi jioni. Mvua ikinyesha, maji ya lile shimo yanateremka wapi? Kisima kiko bondeni, chini yao kabisa.

Nilimwuliza mwenyekiti wa kijiji. Akaniambia nisitie watu hofu wakati nchi iko kwenye shida. Sabuni hakuna, sukari hakuna, mafuta ya taa ni kwa bahati, na sasa hata kuuliza swali kumeadimika.

Kaka yako Renatus hajui kama nakuandikia. Wamempa kibarua cha kubeba masanduku pale kiwanjani, na siku hizi mumeo akipata kibarua unatakiwa ufunge mdomo. Mimi sifungi. Wewe uko kwenye maabara ya maji, dada wa mume wangu, shangazi wa huyu mtoto. Pima maji yetu.

Wifi yako,
Wankyo


Nyasho, Musoma
11 Machi 1985

Wifi Wankyo,

Sijacheka hata kidogo. Barua yako nimeisoma nimesimama, nikasahau kuwa nimebandika uji.

Leonardi, kondakta wa basi la Bunda, atakuletea chupa moja ya kioo na sahani mbili nyeupe. Chupa uisuuze mara tatu kwa maji yale yale, ujaze mpaka shingoni, ufunge. Maji ya kupima hayachemshwi, hilo lishike. Sahani zipake mafuta kidogo ya kujipaka, uziweke juu ya paa siku bendera nyekundu imepanda. Moshi ukipita utaacha alama yake, nami nitaona unabeba nini.

Mkubwa wangu hapa, Bwana Bernado, amekubali kwa shingo upande. Dawa za kupimia zinatoka nje ya nchi na zimebaki za kukwangua. Amesema ni mara moja tu, majibu yakitoka yametoka. Kwa hiyo hii chupa ndiyo chupa yetu, wifi, hatuna nyingine.

Mwambie mama kwamba maji haya yanakuja ofisini kwetu na watu wakubwa watayatazama, asiwaache watoto wayachezee. Ya Burito yachemshe, tena sana.

Ninakuombea, na nimekasirika pamoja na wewe.

Pelagia


Nyakihuru
19 Machi 1985

Wifi,

Chupa imeondoka leo kwa Leonardi, na kama ikivunjika njiani nimemwahidi nitamfuata mpaka Musoma kwa miguu.

Mama yako hakuniruhusu hata kuigusa. Nilipomsomea pale ulipoandika kwamba watu wakubwa watayatazama, aliniuliza: "Wangapi?" Nikamwambia sijui. Asubuhi kabla sijatoka nje alikuwa ameshaijaza, ameifuta kwa khanga yake ya kanisani, ameifunga kwa kitambaa cheupe utadhani ni chakula cha padri. Nikamwambia, mama, haya ni maji tu. Akanijibu kwamba mimi sijalelewa.

Habari za sahani ni aibu. Moja imelambwa na mbuzi wako, akaangusha na bati moja la jiko aliposhuka. Majirani wamenicheka sana. Nyamburi alisimama kwenye uzio akasema, "Sisi tunakulaga mboga kavu, wewe unalipaka paa mafuta!" Sahani ya pili imesalimika, utaona vumbi lake lilivyo jeusi.

Burito yuko vile vile. Namchemshia maji mpaka yanabaki nusu sufuria. Fanya haraka.

Wankyo


Nyasho, Musoma
2 Aprili 1985

Wifi, furahi!

Maji ni safi. Nimeyapima kwa mkono wangu mwenyewe, na Bwana Bernado akatazama. Ni safi kuliko haya ya bomba tunayokunywa hapa mjini. Nilikaa kwenye kiti nikacheka peke yangu, maana nilikuwa nimejiandaa kwa mabaya. Sahani ina masizi mengi, lakini Bwana Bernado anasema ni moshi wa jiko lako, na kwa sahani moja siwezi kubishana naye.

Basi ugonjwa wa mtoto hautoki kisimani. Mpeleke hospitali wamsikilize moyo, nitazungumza na muuguzi mmoja ninayemfahamu hapa. Maji ya kisima mpe bila wasiwasi, yachemshwe tu kama kawaida.

Wale wa kiwanja waliomba nakala ya majibu. Bwana Bernado amewapa, na sikuona ubaya, maana ukweli ni wa kila mtu. Mwambie mama watu wakubwa wameyasifu maji yake.

Pelagia


Nyakihuru
5 Mei 1985

Ndugu Mtaalamu wa Maji,

Nakuandikia kama mwananchi, kwa kuwa wifi yangu nimempoteza njiani.

Karatasi yako imefika Nyakihuru kabla ya barua yako. Ilisomwa kwenye mkutano wa kijiji na mkuu wa kiwanja mwenyewe. Aliinyanyua juu, wote tukauona muhuri. Akasema wapo wanawake humu wanaopika uvumi badala ya ugali, na kwamba binti wa kijiji hiki hiki, msomi, amethibitisha maji hayana kasoro. Watu walipiga makofi. Mwenyekiti akanitaka nisimame niombe radhi. Nilisimama. Sikuomba. Nilisema mwanangu ni wa buluu, na karatasi haijambadilisha rangi, kisha nikaketi. Renatus alikuwa anatazama viatu vyake.

Ijumaa iliyofuata Burito alizimia mikononi mwangu, amekuwa wa kijivu mpaka ulimi. Sikumsubiri daktari wa moyo. Nilipanda lori la pamba nikaenda naye Kibara kwa dada yangu Dorkas, nikitaka kama ni kufa afie mikononi mwa watu wanaoniamini. Kule wanachota ziwani. Dorkas alimzimulia maziwa kwa maji ya ziwa, na siku ya tatu mtoto akawa mwekundu wa midomo, analia mpaka majirani wanauliza. Nikafurahi, nikarudi naye nyumbani. Wiki haijaisha, buluu. Nikampeleka tena Kibara, akapona tena. Safari hii nimemwacha huko. Nimerudi mikono mitupu, natembea nyumbani sijui pa kuiweka.

Na jambo la mwisho, ulipeleke kwenye mashine yako. Niliacha maji ya kisima kwenye beseni jeupe juani, nikaenda shambani. Niliporudi yalikuwa mekundu kidogo, kama maji yaliyooshewa nyama. Nimerudia siku nyingine, ni hivyo hivyo. Ya kivulini hayabadiliki upesi, ya juani yanabadilika. Wanawake wanasema maji yetu siku hizi yanaona haya. Nami nauliza, aliyeyasafisha kwa muhuri ataona haya lini?

Mwananchi,
Wankyo wa Renatus


Nyasho, Musoma
14 Mei 1985

Wankyo,

Nitukane tena ukipenda, lakini nijibu kwanza: ile chupa aliichotea mama wapi?

Maji yalikuwa yamebaki kidogo ndani yake. Barua yako ilipofika nilikwenda nikayatazama upya, si kama yana sumu, bali kama yana udongo. Hayana chochote, Wankyo. Hayana chumvi, hayana chokaa. Kisima cha kwetu kiko kwenye mawe, na sote tunajua sabuni haitoi povu pale. Maji haya hayajawahi kugusa ardhi. Ni ya mvua. Nilipaswa kuliona tangu siku ya kwanza, lakini niliona "safi" nikafurahi, na furaha ikanifumba macho.

Sasa sikiliza, tena umwambie kila mwenye mtoto mchanga. Msichemshe tena mkidhani mnaua kitu. Kinachowafanya watoto kuwa wa buluu hakifi kwa moto, maji yanapungua na chenyewe kinabaki. Ulipochemsha mpaka nusu sufuria, ulimpa mtoto kilekile kimekolea. Ni mimi niliyekwambia uchemshe.

Na huo wekundu wa juani nimeusoma kitabuni. Dawa ya ndani ya mabomu ikiingia majini, jua huigeuza rangi hivyo. Yanaona haya kweli.

Bwana Bernado hataki kupima tena. Anasema majibu yameshatoka na muhuri umeshapigwa. Amefungia dawa kabatini. Niletee chupa nyingine, uichote mwenyewe, Nyamburi akiwa shahidi. Habari ya kabati niachie mimi.

Pelagia


Nyakihuru
20 Mei 1985

Mwanangu Pelagia,

Ni mimi mama yako. Anaandika Wankyo, na amenuna, lakini nimemwambia aandike kila neno hata lile linaloniuma.

Maji yale nilichota mimi kwenye pipa la kanisani, ya mvua. Sikumwambia mtu. Wewe ulisema watu wakubwa watayatazama. Mimi tangu nimeolewa hapa nilikuwaga nikipata mgeni, nampaga maji mazuri kuliko yote yaliyopo, hata kama sisi wenyewe tunakunywa tope. Mama yangu alifanyaga hivyo, na wewe nimekufundisha hivyo. Sasa nikutumie maji yenye harufu, ofisini, waseme huyu binti ametoka kwenye uchafu? Nilitaka wakuheshimu mwanangu. Sikujua kumbe mnataka aibu yetu ndiyo ipimwe. Wewe umesoma, kwa nini hukusema tu, mama, nataka yale mabaya?

Simlaumu mtu. Lakini nikimwona huyu Wankyo anakunja nguo za mtoto asiyekuwepo, chakula hakipiti. Mimi nilimnyweshaga Burito kwa mkono wangu.

Halafu hasira ikanijia. Wale watu wamechukua adabu yangu wameipiga muhuri, wakatupiga nayo usoni. Nilimpa mgeni maji safi, na mgeni akayatumia kunyamazisha wajukuu zangu.

Sasa wanakuja tena tarehe moja mwezi wa sita. Mkuu wa kiwanja atakuja na mzee mmoja, kiongozi kutoka wilayani, wanasema shimo litapanuliwa, ng'ombe waondolewe upande wote wa mlima. Mwenyekiti amekuja kuniomba nipokee wageni kama siku zote, kwa kuwa ni mimi mwenye glasi. Nimekubali.

Wankyo amekuchotea chupa nyingine, Nyamburi ameona. Iko kwa Leonardi. Sikuifuta kwa khanga.

Mama yako,
Marcelina Masatu


Nyasho, Musoma
27 Mei 1985

Mama, na wifi yangu,

Nimepima. Ufunguo wa kabati niliuomba mbele ya wenzangu wote, kwa sauti, na nikamwambia Bwana Bernado akininyima nitakaa mlangoni na chupa yangu mapajani mpaka nchi ipate dawa nyingine. Alinitupia ufunguo juu ya meza.

Maji hayafai. Hayafai kwa mtoto hata kijiko. Kile kinachozuia damu ya mtoto kubeba hewa kimo ndani yake mara nyingi kupita kiasi, na risasi imo, ile ya madini, pamoja na shaba. Hiyo ndiyo lugha nyepesi. Ile nzito nimeiandika kwenye karatasi iliyomo humu.

Bwana Bernado amekataa kuitia sahihi. Akaniambia nifikirie kazi yangu, siku hizi watu wanapunguzwa kila ofisi na mimi ni mwanamke bila mume. Nikamwambia nimeshafikiria. Kwa hiyo karatasi hii haina muhuri. Ina majina yangu, yote matatu, nimeandika kwa wino. Isomeni mbele ya watu.

Jana nimepewa barua ya uhamisho. Sijafungasha hata kijiko, na wakitaka niondoke waje wanibebe na kitanda.

Mama, sijui unafikiria nini na hizo glasi. Kuwa mwangalifu. Sijasema usifanye.

Pelagia


Nyakihuru
3 Juni 1985

Wifi yangu,

Rudi kwenye jina lako, nimekusamehe, nawe unisamehe lile la muhuri. Kaa chini nikueleze.

Walikuja na magari mawili. Meza iliwekwa uwanjani, na mama yako akasema wanawake wataweka beseni la kunawia wageni pale pale mbele, juani. Nyamburi na mimi tulikwenda kisimani watu wote wakituona, tukarudi na ndoo, tukajaza beseni jeupe na mtungi. Mkuu wa kiwanja akaanza hotuba. Unajua hotuba za siku hizi: uchumi, mageuzi, kufunga mkanda, wananchi kuelewa. Akazungumza mpaka kivuli cha meza kikasogea. Tukamwacha azungumze. Mimi nilikuwa natazama beseni.

Alipomaliza nilisimama nikasoma karatasi yako. Akasema haina muhuri. Nikasema ndiyo, haina, ina jina. Akacheka, akageuka kwa mzee wa wilayani kumweleza kwamba huu ndio uvumi aliomwambia.

Hapo ndipo mama yako alipoinuka na sinia. Amevaa ile khanga ya kanisani. Glasi mbili, amezifuta zinang'aa, akazijaza kutoka kwenye mtungi mbele ya macho ya kila mtu. Yalikuwa meupe kabisa, hayajaona jua. Akapiga goti kama anavyopokeaga wageni, akasema, "Karibuni maji, wageni wetu. Nyakihuru hatuna soda, tuna haya."

Mkuu wa kiwanja akasema asante mama, sina kiu. Paji la uso linatiririka jasho! Mama yako hakubisha, akamgeukia yule mzee. Mzee wa watu, adabu imemjaa, akashukuru kwa mikono miwili, akainua glasi. Niliona vidole vya mama yako vimekaa juu ya sinia tayari, nikajua angempokonya yeye mwenyewe kabla hayajagusa mdomo. Lakini hakuhitaji. Mkuu wa kiwanja aliruka kutoka kwenye kiti akamshika mkono.

"Hayo usinywe, mzee!"

Mama yako bado amepiga goti. Akauliza polepole, "Kwa nini asinywe?"

Mzee akaitua glasi mezani, akamtazama mkuu, akasema, "Mama kauliza. Nami nauliza." Mkuu akatazama magari yake. Ndipo Nyamburi, yule yule wa kunicheka, akapiga kelele, "Tazameni beseni!" Watu wakainuka. Lilikuwa limeshaanza, wifi, wekundu ule ule, katikati ya mkutano, limeona haya mbele ya wote kwa niaba yake.

Mkuu akamwamuru Renatus, aliyekuwa amesimama nyuma ya gari, aondoe zile glasi. Kaka yako akaja mpaka mezani. Akazitazama. Akavua ile kofia waliyompa, akaiweka kando ya sinia, akaja kusimama upande wangu. Jana amechimba msingi wa kujengea tangi la mvua, bila kuombwa.

Mkuu alipokuwa anapanda gari, mama yako alimfuata na glasi yake. "Kwetu hapa," akamwambia, "mgeni asiyekunywa maji bado hajafika. Na wewe hujawahi kufika."

Mzee wa wilayani amechukua karatasi yako na chupa moja ya maji. Amesema shimo halipanuliwi, na litafungwa mpaka apate majibu anayoyaamini. Mimi simwamini mtu anayeondoka na gari, kwa hiyo tumeanza zamu. Kila siku wanawake wawili wanakaa juu ya mwamba unaotazama ile bendera. Leo haijapanda. Ikipanda tutakwenda wote, na mabeseni.

Burito bado yuko Kibara, Dorkas anasema ameota jino. Nitamfuata tangi likijaa, si kabla.

Ile glasi ya mkuu haikumwagwa. Mama yako ameifunika kwa kisahani, ameiweka dirishani, jua linaipiga kila asubuhi. Anasema inamngoja mwenyewe. Na anasema utume chupa, nyingi kadiri utakavyopata, wakikuhamishia hata mwisho wa dunia. Safari hii atazijaza yeye, kisimani, na watu wakubwa wayatazame vizuri.

Wifi yako,
Wankyo